Zamu ya Mwisho wa Mfongo

Vijana wa karakana mlipoulizwa mnataka nini kwenye sherehe ya kuniaga, mlisema mnataka niandike. Nilitegemea mtasema pilau. Basi naandika, na pilau mmekula vilevile. Sitasema nilipanda cheo lini wala nililipwaje: ya cheo hayatawafaa, na ya mshahara yatawavunja moyo. Nitasema nilivyofundishwa kazi hii ya setilaiti na redio, kisha nitawaeleza habari za siku ile wingu liliposhuka mlimani na Evaristi, mtoto wa jirani yangu, akapotea ndani yake huku sisi tumekaa na mitambo yetu yote. Wengi wenu mmeisikia vipande vipande, na vipande vingine vimeongezwa chumvi hadi haviliki.

Mimi, mnayeniita Mama Dishi, ni mtu wa Kibosho. Kwetu mlima uko nyuma ya nyumba, na mtoto akifundishwa pande za dunia huambiwa hivi: mlima ni kaskazini, Kahe kule bondeni ni kusini, maliza. Nilipoanza kazi tulikuwa wapya watatu, wote wa Kibosho na Moshi mjini. Fundi wetu mkuu alikuwa Mzee Elinami wa Marangu, Mlutheri wa kuimba besi kwaya ya usharika, mtu wa maneno machache na utani mwingi. Siku ya kwanza alitusimamisha uani akauliza, "Kaskazini ni wapi?" Sote tukanyoosha mikono kwenye mlima bila kusita. Akasema, "Vizuri sana." Kisha akatupakia kwenye gari akatupeleka Rombo.

Kazi ilikuwa kufunga dishi kwenye shule moja. Alituambia setilaiti tunayoitafuta iko upande wa mashariki, juu ya bahari, imepanda sana, na kwamba haisogei, kwa sababu inazunguka sambamba na dunia inavyozunguka. Akatuachia spana akaenda kukaa barazani. Sisi tukafanya kama tulivyozoea: tukautazama mlima, tukanyoosha mkono wa kulia, tukasema mashariki ndiyo hii. Tukakaza nati. Kipimo hakikuonyesha hata dalili. Tukalegeza, tukakaza, tukabadilisha kebo, tukalaumu kiwanda. Mzee Elinami alikuwa anakula ndizi za kuchoma. Mwishowe mwalimu mkuu akaja taratibu akatuuliza, kwa adabu kabisa, "Samahani, kwani kwenu jua linachomoza wapi?"

Rombo iko upande wa mashariki wa mlima. Ukiwa Rombo, mlima uko magharibi. Hata mtoto wa chekechea wa pale anajua. Mzee Elinami alifuta mikono, akaligeuza dishi, na kipimo kikapanda mara moja. Akasema, "Mlima hausemi uongo. Ila jiulize kwanza umesimama upande gani wake." Halafu akatoa dira mfukoni akanikabidhi mimi, labda kwa sababu ndiye niliyekuwa nimelaumu kiwanda kwa sauti kubwa kuliko wote. Dira hiyo ninayo hadi leo. Simu zenu zina dira, najua. Simu zenu pia zinaishiwa chaji.

Alinifundisha mengi ambayo hayamo kwenye vitabu vya kiwanda, kwa kuwa waandishi wake hawajawahi kuishi karibu na ikweta. Kule kwao dishi linatazama pembeni, kama mtu anayesubiri mgeni. Kwetu linatazama karibu juu kabisa, kama bakuli. Na bakuli likiachwa nje hujaa: maji ya mvua, majani ya mgomba, na siku moja pale Kahe nilikuta kuku ameshataga mayai na ananitazama mimi kama ndiye mvamizi. Nikaondoa mayai, mawasiliano yakarudi, na mwenye nyumba akanipa mawili. Toboeni tundu la kutoa maji. Funikeni viungio vya kebo kwa utepe wa mpira, mzungushe kutoka chini kwenda juu, maji yateremke bila kuingia. Mkisahau kila kitu nilichoandika hapa, hilo msilisahau.

Kazi ngumu ya mwanzo ilikuwa kwenye zahanati moja ya Marangu. Dishi lilikaa vizuri, ila mgomba wa bibi jirani ulikuwa unachanua majani mbele yake, na jani bichi la mgomba lina maji ya kutosha kuyameza mawimbi yote. Nilikwenda kwa bibi, nikamwamkia, nikakaa, nikanywa alichonipa, ndipo nikamweleza.

"Mgomba huu aliupanda mama mkwe wangu," alisema. "Hiyo setilaiti yako aliipanda nani?"

Nikasema sijui kwa hakika.

"Basi yeye ndiye ahame."

Tukahamisha dishi juu ya paa la zizi lake, naye akakubali kwa sharti ng'ombe wasisumbuliwe. Alilipenda kuliko tulivyotarajia. Kila Jumamosi alimwagiza mtu apande alisugue kwa majivu kama sufuria, hadi rangi yote ikatoka likang'aa. Ule mwezi jua lilipopita sawasawa nyuma ya setilaiti, dishi likakusanya mwanga wote likauchoma uso wa kipokezi ukayeyuka kama mshumaa. Sasa mnajua kwa nini madishi hupakwa rangi isiyong'aa. Bibi hakujuta hata kidogo. Alisema kama kimeungua basi hakikuwa imara.

Pale pale Marangu ndipo Mzee Elinami aliponifundisha jambo ambalo limenilisha maisha yangu yote. Nilikuwa nimemuuliza inawezekanaje setilaiti moja ihudumie zahanati, shule, benki na kambi za watalii, wote kwa wakati mmoja. Hakuchora chochote. Alinishika mkono akanipeleka kwenye mfongo, ule mfereji wa wazee unaoshuka kutoka msituni kupita kihamba kimoja, yaani shamba la migomba la nyumbani, hadi kingine. Akasema, "Maji ni haya. Wenye mashamba ni wengi. Utawagawiaje?"

Nikasema kila mmoja achimbiwe mfereji wake mwembamba. Akasema ndiyo, hiyo ni njia ya kwanza, na kwenye setilaiti maana yake ni kila mmoja kupewa masafa yake. Lakini aliyelala leo maji yake yanapita bure. Nikasema basi kila mmoja apewe mfereji wote kwa zamu. Akacheka. "Hapo umeongea kama Mchagga." Zamu ya pili ya asubuhi ni ya fulani, akifunga anafungua wa chini yake, na mzee wa mfongo anasimamia. Kwenye setilaiti ni vilevile, ila zamu ni fupi kuliko kupepesa jicho. Kisha akanipeleka sokoni. Watu wa Rombo walikuwa wanaongea Kirombo, wa Machame Kimachame, Wapare Kipare, wote kwa pamoja na kwa sauti kubwa, na kila mmoja alimsikia wake. "Hii ndiyo njia ya tatu," akasema. "Wote wanaongea mara moja, masafa yale yale, ila kila mmoja ana msimbo wake. Ya watu wengine unayasikia kama mvumo tu." Mainjinia wa kiwanda walipokuja kutufundisha wiki nzima habari hizo kwa michoro, nilikuwa naitikia kwa kichwa huku nikiona mfongo na soko. Walifundisha vizuri. Nilipata cheti.

"Zamu haina maana bila saa," Mzee Elinami aliongeza tulipokuwa tunarudi. "Na asiyeibiwa zamu ni wa juu. Anayeumia siku zote ni wa mwisho wa mfongo. Wa juu wakifungua wote, yeye hapati hata tope."

Neno hilo la saa lilinirudia setilaiti za kuonyesha mahali, zile za GPS, zilipofika hadi kwenye mikono ya watu wa kawaida. Wengi wanadhani setilaiti hizo zinakuona. Hazikuoni. Zenyewe zinatangaza jambo moja tu, usiku na mchana: saa yangu sasa hivi ni hii, na mimi niko hapa. Mimi huwaeleza wapya hivi. Chukulia parokia ya Kibosho inagonga kengele saa sita kamili. Wewe uko shambani, unaisikia imechelewa kidogo. Kule kuchelewa ndiko kunakokuambia uko mbali kiasi gani. Ukisikia na ya parokia ya pili na ya usharika wa Walutheri, unajua uko shamba la nani. Na kwa kuwa saa yako ya mkononi ni ya mtumba, unahitaji kengele ya nne ya kuisahihisha. Mzee Elinami aliposikia mfano huo alisema anaukubali, ila akataka kengele za Kilutheri ziwe mbili.

Alistaafu akiwa na afya, akarudi kwenye migomba yake, nami nikapewa karakana. Ndipo ikaja kazi ya mtandao wa redio mlimani.

Waongozaji na wapagazi walikuwa na redio za mkononi, lakini kila kampuni na zake, na mtu akiumia upande mmoja, wa upande wa pili hajui. Tukaombwa tuwaunganishe wote kwenye chaneli moja. Redio ya mkononi inaongea na mtambo wetu wa kurudisha mawimbi uliofungwa mlimani, mtambo unapeleka kwenye dishi, dishi kwa setilaiti, setilaiti inateremsha Moshi kwenye chumba chetu. Na ndani ya kila redio kulikuwa na kipokezi cha GPS: ukiongea, pale unapoachia kitufe, redio inatuma mahali ulipo, na doa linatokea kwenye kioo chetu. Kutuma yenyewe kila mara kungemaliza betri upesi kwa baridi ile, kwa hiyo tuliamua itume pale tu mtu anapoongea. Kumbukeni hilo.

Mitambo ilifanya kazi siku ya kwanza. Watu ndio waliotushinda, na kilichotushinda kwa watu ni salamu. Mwongozaji kijana anataka kusema wageni wake wako salama. Lakini anayesikiliza getini ni Mzee Aminieli, mwongozaji aliyepanda mlima tangu kabla baadhi yao hawajazaliwa, magoti yakamkatalia, akapewa kazi ya redio. Huwezi kumwambia Mzee Aminieli "wageni salama" ukanyamaza. Kwanza shikamoo. Kisha marahaba. Kisha umeamkaje, nyumbani hawajambo, mvua imenyesha huko. Kabla habari haijafika, makundi mengine yameshachoka kusubiri, yanabonyeza vitufe pamoja, na redio zikibonyezwa pamoja hakuna anayesikika. Kunatoka mlio tu kama nguruwe aliyebanwa na mlango.

Tuliitisha kikao, tukakubaliana wote kwa moyo safi: kwenye redio hakuna salamu. Jina, mahali, hali, basi. Kesho yake asubuhi vijana wakaanza kuita geti, na geti kimya. Tukadhani redio imekufa. Nikaendesha gari hadi getini nikiwa na redio ya akiba, nikamkuta Mzee Aminieli amekaa mbele ya redio nzima kabisa, amefunga mikono kifuani.

"Shikamoo mzee. Redio ina shida gani?"

"Marahaba. Redio haina shida. Wanaoita ndio wana shida. Kuna mtu anabweka jina langu tangu alfajiri. Sijaamkiwa, nimjibu nani?"

"Mzee, tulikubaliana kikaoni."

"Kikaoni nilinyamaza. Kunyamaza si kukubali, wewe Mkibosho."

Nilirudi Moshi nimekasirika hadi nikapitiliza njia ya karakana. Nilikuwa na setilaiti, mtambo, dishi la kukingwa na barafu, na vyote vimesimama kwa sababu ya shikamoo! Ila hasira ilipopoa nikaona mzee hakosei. Mlimani mtu akiwa na shida anamwita anayemheshimu, na heshima haianzi siku ya shida. Ndipo nikaukumbuka mfongo.

Nikawagawia zamu. Kila kundi lina dakika yake katika kila saa. Redio zote zinachukua saa kutoka kwenye setilaiti zilezile za GPS, kwa hiyo hakuna wa kusingizia saa ya mtumba. Zamu yako ikifika taa ya kijani inawaka, isipowaka, unasikiliza. Na asubuhi, kabla ya zamu ya kwanza, kuna dakika moja ya salamu kwa wote: vijana wanasema shikamooni, Mzee Aminieli anaitikia marahaba kwa niaba ya wazee wote wa mlima, na salamu hiyo inatosha hadi kesho. Nilimpelekea mzee pendekezo hilo mwenyewe, pamoja na mtori kwenye chupa ya chai. Alifikiri hadi mtori ukaisha. Akasema, "Salamu moja kwa siku ni chache. Lakini mfongo ni mfongo." Tangu siku hiyo mlima ukaanza kuongea kama watu wenye akili, na mimi nikawa natembea mjini kifua mbele.

Evaristi alikuwa mpagazi wa makamo, na mama yake tunasali naye jumuiya moja pale Kibosho. Ana mke, ana watoto, na ana sauti ndogo isiyolingana na mabega yake. Kundi lao lilikuwa linavuka ule uwanda mkavu ulio kati ya Kibo na Mawenzi, yeye akiwa wa mwisho, na wa mwisho ndiye hubeba redio. Asubuhi ile alikosa dakika ya salamu. Alikuwa anafunga mzigo wa majiko na mikono yake ilikuwa na ganzi. Njiani mzigo ukalegea. Akawaambia wenzake watangulie, anaufunga upya, atawafikia. Wingu likashuka. Wenzake walipofika kambini na kuhesabiana, Evaristi hayupo. Mmoja akakumbuka kwamba tangu asubuhi alikuwa analalamika kuumwa kichwa na kuongea mambo yasiyounganika, na watu wa mlima wanajua maana yake: hewa nyembamba imeshampanda kichwani, na mtu wa hivyo hutembea tu, popote.

Habari ilipoingia redioni kutoka kambini, mlima mzima ukafungua mfongo. Kila kundi lilitaka kusaidia, na kwa kutaka kusaidia kila mmoja alibonyeza kitufe. Mimi nilikuwa Moshi chumbani, jua linawaka nje, nasikia ule mlio wa nguruwe, na kioo mbele yangu kina madoa ya kila mtu isipokuwa mmoja. Redio ya Evaristi ilikuwa na betri ya baridi na antena iliyobanwa na mzigo. Kama alikuwa anaita, hakuna ambaye angemsikia chini ya kelele zile. Niliogopa. Sina neno jingine.

Kituo chetu kina nguvu kuliko redio zote. Nikabonyeza nikapiga kelele, "Fungeni mifongo yote! Mlima mzima, fungeni! Zamu ni ya wa mwisho!" Hakuna kitabu chenye amri hiyo. Lakini hakuna mtu wa mlima asiyeielewa, na mlima ukanyamaza.

Nikaita. "Evaristi, hapa Moshi. Jibu." "Evaristi, kama unanisikia bonyeza kitufe." Nikamwita kwa jina la mtoto wake, Baba Neema, nikamwambia mama yake ananisubiri jioni jumuiyani, nitamwambia nini? Kimya tu, na mkwaruzo wa wingu.

Ndipo ikaja sauti ya getini. "Mama Dishi, naomba zamu."

"Chukua, mzee."

Mzee Aminieli hakupaza sauti. Aliongea kama mtu anayeongea juu ya ua wa masale na kijana apitaye njiani. "Evaristi. Ni mimi, Mzee Aminieli. Tangu asubuhi hujaniamkia. Ndivyo mnavyolelewa huko Kibosho?"

Tukasubiri. Nilikuwa nimeshika dira ya Mzee Elinami mkononi, sijui niliitoa saa ngapi. Kisha, ndogo, nzito, kama ya mtu aliyeamshwa usingizini:

"Shikamoo baba."

Akaachia kitufe, na doa likatokea kwenye kioo. Chumba kizima kilipiga yowe. Evaristi asingeweza wakati ule kukutajia siku wala mwezi, lakini shikamoo ilikuwa imehifadhiwa mahali ambapo hewa nyembamba haifiki.

"Marahaba mwanangu," mzee akaitikia. "Umeamkaje?"

"Salama baba."

Doa la pili. Nikalitazama, na furaha ikanikauka mdomoni. Lilikuwa limesogea. Alikuwa anatembea, na alikokuwa anaelekea kulikuwa na korongo. Nikamwambia mzee kwa simu ya mezani, ili Evaristi asisikie, "Anatembea. Mbele yake ni korongo. Msimamishe, lakini usimtishe."

Mzee akabonyeza. "Evaristi, unanisalimia huku unatembea? Mimi ni rika lako? Tua mzigo, ukae chini, tusalimiane kama watu."

Nilisali, na naomba wenzangu Walutheri wa karakana wasinicheke, nilisali rozari nikiwa sina rozari.

"Samahani baba. Nimekaa."

Doa likatokea, na lilipotokea tena, lilikuwa pale pale. Nikafungua zamu mbili tu: moja ya mzee na Evaristi, moja ya kundi la waokoaji lililokuwa karibu. Katika zamu ya pili nilikuwa nawaelekeza: shukeni kidogo, pindeni kushoto, msiuangalie mlima, angalieni namba kwenye redio zenu. Katika zamu ya kwanza mzee aliendelea na salamu. Alimuuliza habari za mama, mke, watoto mmoja mmoja. Alimuuliza za ng'ombe. Alimuuliza kahawa imeiva kiasi gani na kama jirani ameshahamisha yale masale ya mpakani. Ukoo ulipokwisha akaingia ukweni, na wa ukweni walipokwisha akaanza mbuzi. Kila jibu lilikuwa fupi kuliko lililotangulia, na kila jibu lilikuwa doa, na madoa yakarundikana mahali pamoja.

Alikuwa anauliza habari za beberu wa mjomba pale Evaristi alipokatiza, bila hata kuomba radhi.

"Baba, naona watu."

Nililia mbele ya mafundi wangu wote na sikujificha. Walimteremsha haraka wakampa oksijeni, maana dawa ya hewa nyembamba ni kushuka, na kufikia jioni alikuwa getini amekaa kitako mbele ya Mzee Aminieli. Wanasema jambo la kwanza alilofanya ni kumwamkia tena, kwa kuwa ile ya redioni hakuikumbuka. Jumuiyani nilifika nimechelewa. Mama yake alikuwa ameshapata habari, akanikumbatia mlangoni, sala ikaanza upya.

Tangu siku hiyo, katika mzunguko wa zamu, tuliacha dakika moja tupu. Haina kundi. Taa za wote zinazima, mlima unanyamaza, na anayesikika chini kabisa ndiye mwenye nayo. Wakaguzi wamewahi kuniuliza kwa nini tunapoteza nafasi ya setilaiti kwa dakika isiyo na mtu. Niliwajibu kwamba ina mtu, ila bado hajaita. Nawaomba mnaobaki: madishi badilisheni, mitambo badilisheni, hata masafa. Dakika hiyo msiiguse.

Asubuhi yangu ya mwisho kazini niliomba niendeshe zamu mwenyewe. Salamu za wote zikapita, na Mzee Aminieli, ambaye sasa anaongea kutoka nyumbani kwake kwa redio tuliyomfungia kando ya kitanda, akaitikia marahaba ya mlima. Makundi yakatoa habari zao moja moja, safi, bila kugongana. Nikawaambia kwamba naondoka, nawaachia vijana wazuri, na kwamba viungio vifungwe kutoka chini kwenda juu. Kisha dakika tupu ikafika. Taa zikazima. Nikaweka mkono kwenye swichi ya kukabidhi.

Redio ikakwaruza. Sauti ndogo isiyolingana na mabega ya mwenyewe.

"Shikamoo Mama Dishi. Ni Evaristi. Niko uwandani na wageni wangu, sisi ndio wa mwisho. Nimeona nikuamkie kabla hujaondoka."

"Marahaba mwanangu," nilisema, na nilikuwa nafungua mdomo kumuuliza habari za ng'ombe.

Ndipo wakavunja zamu. Mlima mzima, makundi yote, geti, kambi, Mzee Aminieli kitandani kwake, wote walibonyeza vitufe kwa pamoja kuniaga, na kwenye spika ukatoka ule mlio wa nguruwe aliyebanwa na mlango, hakuna neno hata moja linalosikika. Maisha yangu yote nimepigana na mlio ule. Nilikaa nikausikiliza hadi mwisho, kisha nikamwitikia kila mmoja wao marahaba.